Mabano Yanahamia Mbele

Kwenye haisi iliyotoka Mlalo, Paskalina, mkulima wa nyanya, alikuwa akienda Lushoto kurudia mtihani wa kemia kwa mara ya tatu. Binti aliyeketi jirani alichungulia daftari lake, akashindwa kujizuia.

"Shikamoo mama. Hii kalsiamu naitreti umeandika CaNO32, umeipa oksijeni thelathini na mbili!"

"Marahaba. Si naitreti ni mbili?"

"Ndiyo, kalsiamu ina mikono miwili ya kuungania, naitreti mmoja. Ila ifunge naitreti kwenye mabano, ndipo uandike mbili nje."

Paskalina akaiwaza mbolea yake ya amoniamu salfeti. "Salfeti ina mikono miwili, amoniamu mmoja. Basi mabano yanahamia mbele, kwa amoniamu?"

"Hapo hapo, mama!"

Paskalina akapiga kigelegele, abiria wakaitikia bila kujua sherehe ni ya nani. Gari liliposimama Lushoto, kwa mara ya kwanza aliona mtihani unachelewa kuanza.