Kopo la Nyanya la Papa Félicien Katembo

Wachungaji wetu, wazee, majirani wa mtaa wetu, kartie Lumumba, na ninyi mlioamka kabla ya jua mkafika kutoka Kasenyi, familia inawashukuru kwa kukaa nasi, na inawaomba msikilize kwa utulivu maisha ya mtu tunayemsindikiza leo, maana ni maisha ya kujivunia.

Papa Félicien Katembo alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1961 huko Musienene, eneo la Lubero, Kivu ya Kaskazini, mtoto wa kiume wa tano, kama jina Katembo linavyosema kwa desturi ya kwetu, katika nyumba iliyokuwa na ng'ombe mmoja na watoto tisa, akasoma shule ya msingi hukohuko toka 1967 hadi 1973, kisha shule ya sekondari ya mifugo, alikopata diploma ya Serikali mwaka 1980.

Alianza kazi mwaka 1981 kwenye shamba la ng'ombe milimani Lubero, na tarehe 23 mwezi wa nane 1986 alifunga ndoa na Mama Suzanne Kavira, ambaye yuko mbele yetu hapa, wakajaliwa watoto sita, wote wazima, na wajukuu kumi na mmoja.

Mwaka 1993 alihamia Bunia na familia yake, akawa fundi wa ng'ombe wa maziwa, na vita vilipotufukuza mwaka 2002 alitembea kwa miguu hadi Beni akiwa amembeba mtoto wa jirani pamoja na wa kwake, akarudi mwaka 2004, akaingia kila zizi lililobaki bila kuuliza mwenye ng'ombe ni wa kabila gani.

Shida aliyoikuta kila mahali ilikuwa moja, ng'ombe anazaa vizuri, anakamuliwa vizuri, halafu mwaka mzima unapita hataki dume, watu wanasema amerogwa, wanamwita muuza nyama, lakini Papa Félicien alikuwa anapitisha kiganja juu ya mgongo na mbavu, anahesabu mifupa kwa vidole, kisha anamwambia mwenye ng'ombe, "Huyu hakurogwa, iko na njaa." Alieleza kwa upole kwamba baada ya kuzaa, maziwa yanatoka mengi kuliko chakula kinachoingia, mama anaanza kuyeyusha mafuta ya mgongo wake mwenyewe, na mwili ukiona akiba inakwisha unafunga kwanza mlango wa uzazi, kwa sababu hakuna nyumba inayoita mgeni wakati unga umekwisha. Waliomnenepesha mno ng'ombe mwenye mimba nao aliwaonya, kwamba huyo akizaa anakataa chakula, mafuta yanakimbilia kwenye ini, na ini likichoka uzazi unachelewa vilevile.

Mwaka 2014 alikwenda Butembo kwa mafunzo ya majuma matatu, akajifunza kwamba mafuta yaliyomo ndani ya mbegu kama soya na alizeti, yakitolewa kidogo, yanasaidia mayai ya ng'ombe kukomaa na tumbo la uzazi kushika mimba, akarudi na furaha, akawaeleza wafugaji kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada, ila siku ile hakuwaonyesha kipimo.

Mama Agathe, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu aliyewalipia watoto wake wanne shule, alisikia habari ya mafuta, akaenda sokoni kwa moyo mweupe, akamimina chupa nzima ya mawese kwenye pumba, na siku ya tatu ng'ombe akaacha kula, akaacha kucheua, na muuza nyama akawa amekwisha simama mlangoni na kamba yake.

Papa Félicien alifika, akamwomba mtu yule asubiri siku saba. Aliondoa mawese, akaweka majani makavu, akatoa cheuo kwenye kinywa cha ng'ombe mzima wa jirani, akamnywesha mgonjwa pamoja na maji ya vuguvugu ili tumbo lianze kazi tena, akalala zizini, hata Mama Suzanne akamtumia ujumbe kwamba, "Muzee, sasa weye umeoa ng'ombe," naye akajibu kwamba huyu wa hapa anamnyima hata salamu. Siku ya sita ng'ombe alicheua.

Jumapili iliyofuata watu walikuwa wanamcheka Mama Agathe, na Papa Félicien alisimama mbele ya wote, akasema, "Ile kosa iko yangu, haiko ya ule mama. Nilisema mafuta, sikusema ngapi." Toka siku hiyo alibeba mfukoni kopo dogo tupu la nyanya, akapita zizi kwa zizi akipima mwenyewe soya iliyokaangwa na kusagwa, makopo mawili kwa siku, basi, akiwakumbusha kwamba majani yatangulie. Ng'ombe wa Mama Agathe alirudisha mafuta ya mgongo, mwezi wa nne baada ya hapo akataka dume, akashika mimba, na muuza nyama yule naye akaja kununua maziwa.

Binti yake wa mwisho, Arielle, hatasahau kwamba aliponyonyesha mtoto wake wa kwanza akakonda sana, baba yake alimletea uji wa soya kila asubuhi kwa miezi mitatu, akiupima kwa kopo hilohilo, bila kumwambia neno ila, "Kunywa, mama. Akiba kwanza."

Alianza kuugua ini mwezi wa pili mwaka huu, akalazwa hapa Bunia mara mbili, akamwambia daktari ampime mgongo kama yeye anavyopima wagonjwa wake, wakacheka wote wawili, na Jumanne tarehe 5 mwezi wa nane 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Suzanne, akatutoka, akiwa na miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole kama mtoto, muuguzi Adeline aliyemnyoa ndevu bila kuombwa, wafugaji wenzake waliochimba kaburi, majirani mlioleta kuni na maji, na Mama Agathe, maana chai ya maziwa mliyokunywa asubuhi hii, ninyi nyote mlio hapa, imetoka kwa mjukuu wa ng'ombe yule.

Kopo liko kwa Arielle. Papa Félicien, ng'ombe wamekula, kipimo tunakijua, pumzika kwa amani.