Dakika Tatu za Bi. Twyla Hinkle

Marehemu Twyla Mae Hinkle alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 huko Sulphur Fork, kusini mwa Indiana, mtoto wa tatu wa Bw. Harlan Gaither na Bi. Opal. Mkunga alisimulia kwamba mtoto hakulia, alimkazia macho tu kama mtu anayesubiri maelezo. Wengi wenu mliomo humu kanisani mmewahi kukaziwa macho hayo.

Alisoma hapahapa Sulphur Fork na kumaliza mwaka 1962. Alifaulu masomo yote isipokuwa mapishi, ambako aliangushwa kwa kuirekebisha keki ya mwalimu bila kuombwa.

Tarehe 20 Novemba 1965 alifunga ndoa na Bw. Orville Hinkle. Ibada ilisogezwa hadi jioni kwa kuwa msimu wa kulungu ulifunguliwa siku hiyo na nusu ya wageni walikuwa porini, bwana harusi akiwamo. Alikosa kulungu watatu. Bi. Twyla alimwambia ni vyema anaoa, maana akiachwa peke yake atakufa njaa. Walijaliwa watoto wawili na miaka arobaini na moja ya ubishi mtamu, hadi Bw. Orville alipotangulia mwaka 2006.

Mwaka 1971 walifungua duka la minyoo ya chambo, kahawa mbaya na bunduki nzuri. Bi. Twyla aliuza bunduki kwa miaka hamsini na moja na hakuona haya. Haya aliiona mara moja tu. Oktoba 2011 binti mmoja alinunua bastola tatu za aina moja, huku akichungulia dirishani kumtazama mwanaume aliyebaki garini. Bi. Twyla alimuuliza kama ni zake. Akasema ni zake. Karatasi zilikuwa safi, akamuuzia. Miezi mitano baadaye polisi walimletea habari kwamba moja ya bastola hizo ilikuwa imemuua mwoka mikate huko Chicago, Bw. Terrence Odom, miaka thelathini na mmoja. Alilibandika jina lake kando ya mashine ya kulipia, na bado lipo.

Basi mswada ulipopelekwa bungeni Indianapolis wa kuwabana wanaowanunulia bunduki watu waliokatazwa, na kumlazimu muuzaji kukataa na kutoa taarifa akiona dalili, alifunga safari Januari 2013 kuutetea mbele ya kamati. Kwenye fomu, penye kazi, aliandika: muuza bunduki. Karani hakusoma zaidi. Akamweka kwenye orodha ya wapinzani wa mswada, na wapinzani wakampokea kwa shangwe, wakamwekea kiti na kumtilia kahawa. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Zake zilipoisha, hakuna aliyekuwa akimtilia kahawa tena.

Mwenyekiti, Bw. Dwight Ketcham, alisema, "Bi. Twyla, nadhani umekaa upande usio wako."

"Nimekaa na wateja wangu, Dwight. Wewe hesabu dakika."

Mswada ulikufa mwaka huo, na kila mwaka uliofuata. Naye kila mwaka alirudi, akaandika kazi ileile, akakaa palepale, na kuwaletea wajumbe pudini ya pasimoni, yale matunda matamu ya misitu yetu. Waliila yote kabla ya kuuangusha mswada. Fundi wa matrekta, Bw. Lyle Stroud, alimlalamikia kwamba anawaaibisha wenye bunduki. Alimjibu akanunue risasi kwingine, na kwingine ni maili arobaini.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Tarehe 15 Februari mwaka huu alikwenda Indianapolis mara ya kumi na moja, safari hii na mtungi wa oksijeni. Alilitaja jina la Bw. Odom, kisha pumzi ikamkatikia, na dakika zake zikaishia kwenye kuhema. Bw. Ketcham alinyoosha mkono kuwasha taa nyekundu ya kumaliza muda. Ndipo kwenye benchi la wapinzani akasimama Bw. Lyle, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, mpe zangu."

"Lyle, wewe si unaupinga?"

"Naupinga. Mpe zangu hivyohivyo."

Bi. Twyla alizitumia zote tatu. Kamati ikaupitisha mswada, saba kwa sita. Njiani kurudi alidai kwamba ni pudini, mwaka huu sukari ilikaa sawa.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Jumapili, tarehe 19 Februari 2023.

Ameacha binti, Rhonda, mwana, Curtis, wajukuu watano, mbwa wa kuwindia anayeogopa mlio wa bunduki, na Bw. Lyle, aliyejiteua mwenyewe kubeba jeneza. Na mswada mmoja wa miaka kumi, ambao bado unapumua. Bunge zima linaupigia kura Jumanne. Rhonda ameshaweka pudini kwenye friji, na gari la Bw. Lyle lina nafasi nne za kwenda Indianapolis.

Apumzike kwa amani. Kiti chake hakitakaa wazi.