Bunduki Isitoke Bila Kisu

Husna, funga huo mlango kuku wasiingie, kisha mkae chini wote wawili, wewe na kaka yako, mnisikilize, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudiarudia maneno. Parit, jirani yangu, sogea hapa karibu na kitanda. Nimekuita uwe shahidi. Na hiyo supu ya bata, Faraji, iondoe. Najua umeileta kwa mapenzi, najua daktari wa zahanati alisema nipate kitu cha moto, lakini nakuuliza jambo moja tu: bata huyo alichinjwa na nani? Unainama. Basi wamwagie mbwa. Sitakwenda kwa Mola wangu na mzoga tumboni eti kwa kuwa nilikuwa mgonjwa.

Sikilizeni sasa, wanangu. Shamba na nyumba vitagawanywa kwa sheria, sheikh yupo, mimi sina la kuongeza wala kupunguza. Nililowaitia ni lambo letu hili la Mazingara, na bunduki, na kisu.

Babu yenu Semboja alinifundisha kuwinda bata mwitu pale kwenye matete nikiwa sijaota ndevu, na sharti lake lilikuwa hili: ukifyatua, weka bunduki chini, ingia majini, umfikie ndege angali hai, useme bismillahi, umchinje, hapo ndipo una ruhusa ya kumfikiria wa pili. Wapo masheikh wasemao bismillahi ya kwenye risasi yatosha, nami sibishani nao, wamesoma kuliko mimi. Lakini hii ndiyo kawaida ya nyumba yetu, na kawaida ni kama sheria. Mtu anayemfuata kila ndege ndani ya tope mpaka kifuani hurudi nyumbani na wawili, akibahatika watatu, tena yuko hoi. Kibali cha serikali kina idadi yake, na muiheshimu. Idadi ya kisu ni ndogo zaidi, na ndiyo iliyotufanya tule bata ujana wangu na uzee wangu, mvua ikinyesha au ukame ukipiga.

Wewe, Faraji, ukaleta watu wa mjini na pikapu yao. Mkalifyatulia kundi zima likiwa limetulia majini, bata mama wakiwa na vifaranga, mkajaza magunia, na walioangukia kwenye matete mkawaacha humo humo. Harufu ilinifikia hapa kitandani kabla habari haijanifikia. Wahenga walisema akiba haiozi. Yako imeoza, kwa sababu haikuwa akiba, ilikuwa tamaa. Na tangu siku ile sijasikia miluzi ya bata wakipita juu ya bati jioni. Nasema wazi mbele ya Parit: nimeumia moyo kuliko ninavyoumwa mwili.

Mnanong'ona huko nje kwamba mzee Sadala amepitwa na wakati, kwamba ndege ni wa Mungu, hawaishi. Hawaishi! Muulizeni huyu Parit. Mimi na yeye tuligombana mpaka tukashikana mashati, ng'ombe wake walipokuwa wakikanyaga mayai kule kwenye matete, na tulikaa misimu mingi hatupeani hata salamu. Mwisho tukapatana: ng'ombe wanywe upande wa mchanga, matete yabaki ya ndege. Kwao Parit ndege haliwi, bata hana faida naye, na bado mpaka leo anaulinda mpaka ule kwa fimbo yake mwenyewe. Asiyemla bata amemtunza, na wewe unayemla ndiye unayemmaliza!

Haya. Bunduki nampa Faraji. Usishtuke, baba, una jicho, hilo silikatai. Baada ya maziko yangu isilale humu ndani, ipelekwe polisi Korogwe, ukaombe kuimiliki kwa jina lako. Kisu cha Semboja nampa Husna. Na neno langu ni hili: bunduki isitoke bila kisu. Ukitaka kwenda lamboni, utampigia hodi dada yako, naye ndiye wa kusema twende au leo hapana. Husna analima mpunga pale ukingoni, anawajua ndege wale. Akiona mama anapita na vifaranga wachache kuliko vidole vya mkono, kisu kilale mwaka mzima, na bunduki ilale nacho. Mvua zisipolijaza lambo, ni hivyo hivyo. Watu husema mwenye kisu ndiye mla nyama. Kwangu mimi mwenye kisu ndiye mwenye kusema basi.

Na atakayewajia na maneno kwamba mwanamke hachinji, mwambieni nilimuuliza sheikh, akanijibu kwamba alichochinja mwanamke Muislamu ni halali. Asiporidhika aje anigombeze kaburini, nafasi nitakuwa nayo.

Ila wosia kwa mrithi hausimami mpaka wenzake waridhie. Kwa hiyo sifungi macho kabla sijasikia. Husna, umeridhia?... Vema, mama. Faraji?... Usiangalie mlango. Wale wa pikapu hawatalibeba jeneza langu... Sema kwa sauti, baba, Parit asikie... Rudia... Alhamdulillahi. Umemsikia, Parit? Umeshuhudia.

Kichukue, Husna, kiko hapa chini ya mto. Kinoe, kisipate kutu... Faraji, kesho ingia kwenye matete ukawatoe waliooza, uwafukie, peke yako... bila kusaidiwa. Mungu awape riziki ya kushiba... asiwape ya kuoza. Awape macho ya kuona... mwisho wa haja yenu. Nimewasamehe. Wote... nimewasamehe.

Sasa fungueni mlango. Jua limeshuka, sivyo?... Njoo karibu, Faraji, nishike mkono. Nyamazeni kidogo... tuwasikilize bata. Wakipita, uniambie, baba... Hata nikiwa sikujibu... niambie.