Weusi Uliofutwa Kwenye Kiputo

Nasema wazi tangu mwanzo: Mzee Kiputo hakuomba kustaafu. Anaondoka Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika studio yetu ya katuni, kwa sababu alikataa kudanganya kuhusu povu la sabuni.

Alipoanza kazi, kiputo kwenye skrini kilikuwa duara tu lililopakwa rangi za upinde wa mvua. Yeye akaleta ukumbini beseni, sabuni na kitanzi cha waya, akawa anapuliza na kutazama. Wafagizi walimkaripia kwa kulowesha sakafu. Mhasibu mkuu aliteleza mbele ya wageni, akakaa chini kwa heshima zote, na jina la Kiputo likazaliwa papo hapo.

Programu aliyoiandika haipaki rangi, inaikokotoa. Mwanga hurudi kutoka pande mbili za utando wa sabuni, na unene wa utando ndio unaoamua rangi gani ionekane. Maji hushuka kwa uzito wake, juu pakawa pembamba, rangi zikafifia, utosi wa kiputo ukageuka mweusi. Kisha kinapasuka. Nimesoma vitabu vingi vya mwanga na nimebishana naye karibu kila mchana. Kwenye weusi huo sikupata pa kumshika.

Mwaka huu likaja tangazo la sabuni ya watoto. Mkurugenzi, ambaye Mzee ndiye aliyemfundisha kazi, aliagiza weusi ufutwe na kiputo kisipasuke kamwe.

"Mzee, watu wananunua rangi," alisema mbele yetu sote. "Kifo wanacho nyumbani."

Mzee alikuwa ametoka kumzika mkewe. Akajibu: "Ndiyo maana watakitambua."

Hakuna aliyecheka. Wiki iliyofuata tulitangaziwa kwamba Mzee ameomba kupumzika mapema. Programu yake imeondolewa kwenye mashine zote. Tangazo limetoka, viputo vyake vinang'aa kama plastiki, wala havipasuki.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kutazama kitu hadi mwisho wake. Uende salama, na siku zako nyumbani ziwe na afya na utulivu. Kitanzi chako kiko kwangu.

Nawe Mkurugenzi, toleo lijalo la jarida hili la studio yetu limekuachia ukurasa. Tuchapishie humo, kwa jina lako, barua ambayo kwayo Mzee aliomba kupumzika. Tunasubiri kuisoma.