Maji ya Adhuhuri Kwenye Reli

Aliyetusimulia kwanza kisa hiki ni shangazi yetu, mwaka juzi, siku tuliyokwenda kumsaidia kuchekecha kokoto bustanini kwake. Yaliyosemwa kijiweni aliyapata kwa Ngazi, fundi wa kupaka rangi. Ya moyoni mwa mumewe aliyapata kwa mumewe mwenyewe, tena baada ya muda. Kijiwe kilikuwa benchi moja mbele ya duka la Kinyozi, mguu mmoja umeegemezwa kwenye tofali, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na vikombe ambavyo kimoja kilikuwa kimevunjika mkono. Hicho alipewa anayechelewa. Wenyeji walikuwa wanne: Kinyozi, mwenye birika; Ngazi; Redio, fundi wa simu ambaye hakuna aliyejua swichi yake ya kuzimia iko wapi; na Mzee Mizani, mume wa shangazi, mkaguzi mstaafu wa mizani za madukani. Ubishi ukikwama, wote walimgeukia yeye aamue.

Adhuhuri hiyo Ngazi alifika mbio, rangi nyeupe bado iko kwenye nyusi.

— Jamani, leo nimeona kitu.

— Umeona ukuta ulioupaka mwenyewe ukakauka sawasawa? akauliza Kinyozi.

— Acha utani, ndugu yangu. Niko juu ya paa kule mtaa wa nyuma, napaka kingo. Nikatupa jicho upande wa pili, kwenye zile nyua za mabati. Nikamwona mama mmoja, kajitanda kitenge cha manjano mpaka usoni, mkononi kopo la kumwagilia. Jua la utosi! Na mboga ziko palepale, hazimwagii. Anazunguka duara, polepole, anatiririsha maji kwenye mstari. Halafu anapiga magoti, anasema na ardhi.

Mzee Mizani alikishusha kikombe chake gotini. Kitenge cha manjano alikinunua yeye. Duara lile alilichora yeye, kwa kamba na kijiti.

Ndani ya ule ua, kati ya nyanya na mchicha, alikuwa amejenga reli. Treni yake ilikuwa na urefu wa mkono, inakwenda kwa betri. Kulikuwa na daraja la bati juu ya mfereji na stesheni ya kopo la maziwa. Reli alizikata kutoka kwenye fremu za alumini za madirisha mabovu, na mataruma, yale magogo ya kuzishikilia, aliyachonga moja moja na kuyalaza kwenye mafuta machafu ya gari ili mchwa wayaogope. Kosa lake lilikuwa moja. Aliziunga reli asubuhi ya baridi, kipande kwa kipande, bila kuacha nafasi hata ya ukucha, kwa sababu maishani mwake nafasi aliihesabu kuwa ni uzembe. Jua likipanda, alumini ilitanuka, ikakosa pa kwenda, ikabinuka. Shangazi ndiye aliyegundua kwamba maji huituliza. Tangu hapo kila adhuhuri alizipoza reli, akipiga magoti kung'oa magugu na kuisemesha ile treni kama kuku wake.

Yote hayo yangesemwa kwa pumzi moja. Lakini wiki chache kabla, Mizani alikuwa amemkuta Kinyozi sakafuni, anaendesha kigari cha mwanawe, akamwambia mbele ya wateja: "Mtu mzima na midoli! Tukuletee na nepi?" Kijiwe kilicheka siku nzima. Basi akanyamaza.

— Huyo anafunga mtu kwa uchawi, alisema Kinyozi. Ndiyo maana wateja wangu wamepungua.

— Wateja wako wamepungua kwa sababu unawakata masikio, Redio akamjibu. Sikilizeni niwaambie. Duara, maji, jua la utosi: chini pale kuna mtambo. Unapata moto, lazima upozwe. Simu za mtaa huu zinavyokatika-katika, mnadhani ni bure?

— Mtambo gani unasemeshwa? Kinyozi akauliza.

— Wa kisasa.

— Mimi nimesikia na mlio, Ngazi akaongeza. Tak! Kama mfupa unavunjika. Yule mama akaruka, akamwaga maji palepale. Mguu ukaniteleza, nusura nije hapa nimebebwa.

— Mfupa! Kinyozi akasimama, wembe bado uko mkononi. Si nimewaambia? Kuna mtu kafukiwa pale!

— Labda ni mumewe, Redio akasema, na wakacheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali.

Mizani alicheka pia. Shangazi anasema hicho ndicho kilichomchukua mumewe muda mrefu kukieleza: kwamba alicheka, na kwamba kicheko hakikuwa cha kujilazimisha.

— Lakini kweli, alisema Kinyozi akipangusa machozi. Mwanamke anafanya mambo hayo mchana kweupe, mumewe yuko wapi? Mzee Mizani, amua wewe. Unasemaje?

Wakamgeukia. Aliiona nafasi aliyopewa, pana kabisa. Akanywa kahawa iliyobaki, ikiwa na machicha.

— Huenda hana mume, alisema.

— Haya! Kesi imekwisha, Redio akapiga paja. Hana mume, hana wa kumkanya. Tumwendee mjumbe wa mtaa, ahamishwe.

Kinyozi aliinamisha birika lijaze vikombe upya. Yakatoka matone matatu ya machicha, kisha hakuna. Ndipo Ngazi akamgusa Redio bega.

Kutoka kwenye uchochoro alitokea mwanamke mwenye kitenge cha manjano. Pindo la gauni lilikuwa limelowa, magoti yana udongo, mkononi kopo tupu la kumwagilia. Alikuwa anahema.

— Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, shemeji, akajibu Kinyozi peke yake, akauficha wembe nyuma ya mgongo.

— Baba, maji ya bomba yamekatika, alimwambia mumewe. Reli imebinuka pale kwenye mkunjo, treni yako imelala ubavu kwenye mchicha. Sijaigusa, nisije nikakuharibia magurudumu.

— Reli? Redio akauliza, sauti imepungua.

— Hajawaambia? Uso wake ulichangamka. Ana treni, shemeji, na daraja, na stesheni! Mimi kazi yangu ni kupoza reli tu. Njooni siku moja muione inavyopita chini ya nyanya. Nyinyi si ndio wenzake?

Mizani alimngojea Kinyozi aseme neno la midoli na nepi. Alilitamani. Kinyozi aliangalia ndani ya birika, na hakulisema.

Shangazi aliwatazama mmoja mmoja, tabasamu likabaki bila kazi.

— Nimesikia vicheko tangu kule kwenye kona, alisema. Mlikuwa mnazungumzia nini?

Ngazi alianza kukwangua rangi kwenye ukucha. Shangazi alingoja kidogo, kisha akaliweka kopo miguuni mwa mumewe, akarudi alikotoka. Mizani aliliokota akamfuata, lakini hakumfikia.

Jioni Ngazi alikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, na kwa sababu hakujua kusema nusu, alisema yote, hata lile la mume. Shangazi alimpa maji ya kunywa akamshukuru.

Kesho yake adhuhuri shangazi hakuzimwagia reli, ingawa maji yalikuwa yamerudi bombani. Zilibinuka kotekote. Mizani alitoka na msumeno, akapiga magoti juani, akaanza kukata nafasi kila kwenye kiungo, huku Ngazi akimwona kutoka juu ya paa na yeye akijua anaonwa.

Ngazi alifariki mwaka jana, kitandani kwake, wala si kwa kuanguka kama tulivyohofia. Kinyozi yu hai, na Redio pia. Shangazi yu hai. Treni anaiendesha yeye. Mzee Mizani yu hai. Kijiweni bado anakwenda, hukaa mwisho wa benchi, na hawamwombi tena aamue. Akianza kutajwa mtu ambaye hayupo, huweka kikombe chini, hata kama kimejaa, akaenda zake nyumbani.