Siku Niliyozima Chetezo

Asalaam aleikum, dada zangu na wanangu. Kaeni, sitawachosha. Najua mnachonong'ona. Zamani mlikuwa mnajua nimefika kabla sijavuka mlango, kwa harufu ya udi tu. Siku hizi naingia kimya kama mgeni. Mmoja wenu kasema nimefilisika, mwingine kasema nimeingia eda wakati mume wangu mnamwona kila siku sokoni. Leo nitawaambia mwenyewe, maana aibu ukiibeba peke yako inavunja mgongo.

Wengi hapa mikono hii imewaogeshea watoto. Mtaa wetu wote huu wa Nalufenya, mwanamke akijifungua, naitwa. Maji ya moto, sabuni ya mche, dodoki, kisha mafuta ya kunukia mwili mzima, kisha mtoto anapitishwa juu ya chetezo mpaka nguo zake zishike moshi wa udi. Ndivyo alivyofanya mama yangu, na nyanya yangu mke wa askari kabla yake. Hakuna aliyewahi kunirekebisha, na kusema kweli, nani angethubutu?

Basi binti yangu aliyeolewa Mbale, kule Namakwekwe, akaja kujifungulia kwangu. Mume wake ni dereva wa lori, leo yuko Malaba, kesho Kampala, kwa hiyo tukakubaliana hata arobaini ikiisha asiondoke haraka. Mtoto alipofika mwezi wa tatu, mashavu yake yakakauka, ukiyagusa yanakwaruza. Kisha hali hiyo ikashuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ukimbeba anajisugua uso kwenye bega lako, anasugua, anasugua, mpaka inatoka damu.

Mimi nikasema ni uchafu na joto. Nikaongeza kuoga, mara tatu kwa siku. Ndugu zangu, nawaambia, kadiri nilivyosugua ndivyo alivyoharibika. Hapo nikageukia maziwa ya mama yake. Nikamkataza mayai, nikamkataza samaki, nikamkataza karanga, akabaki na posho, ugali mtupu, na mboga mpaka akakonda. Majirani nao wakaanza kuuliza ni jicho la nani. Tukawa tunamfunika mtoto kwa shuka hata kwenda uani. Kila asubuhi, kabla sijamsalimia mtu, nilikuwa nafunua kwanza ile shuka nione ngozi imeamkaje.

Alasiri moja akakataa kunyonya. Mwili unawaka, mashavu yanatoa maji ya manjano. Tulipanda boda kwenda hospitali, sote wawili na mtoto katikati, na njia nzima mimi nasoma dua huku nawaza nitamwambia nini baba yake.

Musawo, yaani daktari, aliyetupokea ni msichana mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Akasema huu ni ukurutu, wengine wanauita pumu ya ngozi, na vijidudu vimeingia kwenye zile sehemu alizojikuna. Akampa dawa ya kuua vijidudu. Kisha akauliza, "Nani anamwogesha?" Nikajibu kwa majivuno kwamba ni mimi, nikamweleza yote, dodoki na udi na mafuta. Hakucheka. Alisema ngozi ya mtoto huyu haitunzi maji, kwa hiyo inakauka na kuwasha, na mimi kila siku nilikuwa naikausha zaidi. Maji yawe vuguvugu, kuoga kuwe kwa muda mfupi, sabuni isiyo na harufu na kidogo tu. Asisuguliwe, akaushwe kwa kugusagusa, na apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato kabla ngozi haijakauka. Krimu aliyotupa tupake nyembamba palipowaka tu, kwa siku alizotuandikia. Kucha zikatwe, moshi usimkaribie. Mama yake arudie kula chakula chake, na si kosa la mtu wala jicho la mtu. Itatulia, akasema, na itarudi, na kazi yetu ni kuituliza tena.

Mbona nilitikisa kichwa kukubali! Wiki mbili hazijaisha, mtoto amelainika, analala, ananyonya. Mimi nikaona yamekwisha.

Ijumaa moja tukawa na wageni kutoka Buwenge, wanakuja kumwona. Binti yangu alikuwa ametoka kidogo. Nikamtazama yule mtoto, hanukii chochote, nikaona haya, kama mtoto asiye na wenyewe. Nikawasha chetezo. Sikumfukiza yeye, nilifukiza nguo zake tu, nikajiambia kwamba neno la musawo sijalivunja. Kesho yake uso wote uliwaka, amejikuna mpaka shuka ina madoa. Binti yangu aliinua ile nguo akainusa. Hakupaza sauti.

"Mama, nakuheshimu," alisema. "Lakini usimshike tena mtoto wangu."

Akafunga mizigo, akarudi Mbale.

Nikabaki na beseni langu. Simu ikilia naogopa, isipolia naogopa zaidi. Nikimpigia ananijibu salamu, anasema mtoto yuko salama, anakata. Nilikasirika pia, siwafichi. Nilisema nimezaa mtoto aje anifundishe kuogesha?

Mmoja wenu, simtaji, akanikuta nimekaa nalia mbele ya chetezo. Sikupewa pole. Aliniuliza, "Wewe unataka nini, akuombe radhi au mtoto apone?" Nilikaa na swali hilo mpaka adhuhuri, na jibu lilinitia aibu.

Siku hiyo nikamwaga makaa. Udi na mafuta yote nikavitoa nyumbani. Nikafua kila nguo na kila mtandio, nikasuuza, nikaanika, nikafua tena, mpaka yule mwenzangu aliponinusa akasema sasa unanuka jua tu. Ndipo nikapanda taksi ya Mbale.

Binti yangu alifungua mlango akiwa amembeba, mtoto amevishwa soksi mikononi. Aliinama akaninusa bega, akanusa mtandio, kama mtu anavyonusa maziwa asijue kama yamechacha. 

"Nawa mikono, Mama," alisema.

Nikanawa. Akaweka beseni, akapima maji kwa kiwiko, akanipa mtoto. Mimi niliyewafundisha nyote, nilimwogesha mjukuu wangu huku naambiwa taratibu, Mama, basi, inatosha.

Haijaisha, nisiwadanganye. Kiangazi na vumbi lake kilipokuja, magoti yaliwaka tena. Tulijua la kufanya, tukafanya, ikatulia.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule musawo mdogo, nakushukuru wewe uliyeniuliza swali. Binti yangu namshukuru kuliko wote, alinikataza wakati ilikuwa rahisi kuninyamazia. Nanyi mnaosubiri kujifungua, niiteni bado, nitakuja. Ila mtoto akianza kukwaruza, tusibishane na ngozi yake, twende kwa musawo mapema.

Na harufu yangu msiisikitikie. Juzi mjukuu wangu amelala kutoka alasiri hadi magharibi, uso wake umezama hapa shingoni kwangu, na hakujikuna hata mara moja.