Karanga Iliyobaki

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, Bwana asifiwe, na ndugu zangu Waislamu wa kikundi chetu hiki cha tuliopigwa na kiharusi, asalaam aleikum. Nikikwama neno msinisaidie kulitafuta. Nisubirini tu, litakuja lenyewe.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia hapa hapa Kiomboi. Na nilijisikia, nawaambia ukweli. Siku moja nilimpa binti wa kidato cha pili kazi ubaoni, asawazishe mlinganyo: hidrojeni na oksijeni zinaungana kuwa maji. Kanuni ni kwamba vyote vilivyoingia kushoto lazima vitokee kulia. Akaona kushoto oksijeni ziko mbili, kwenye maji iko moja, basi akachomeka mbili ndogo chini ya oksijeni ya maji, akaona kamaliza. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Hayo si maji, ni dawa ya kuoshea vidonda. Kunywa tuone!" Darasa zima likacheka. Hakunyoosha mkono tena kwenye kipindi changu.

Kisha nikaanguka. Asubuhi tu, navaa shati, mkono wa kulia ukagoma. Kuzinduka niko hospitali, mdomo umekwenda upande, nikitaka maji nasema "kiti".

Ndugu zangu, kilichoniuma kuliko mkono ni kengele. Nyumba yangu iko jirani na shule. Ikigongwa, mwili unataka kusimama na miguu haitaki. Nililitamani lile darasa, vumbi la chaki, hata makelele yao. Nilitaka kipindi kimoja tu, hata kile cha saa nane mchana wanapolala.

Mwalimu mwenzangu alikuja kunijulia hali. Nikamwomba karatasi, nikaandika kwa mkono wa kushoto mlinganyo ule ule wa maji, ili aone bado nimo. Akautazama, akaifunika karatasi mezani, akasema, "Pumzika kwanza, mwalimu." Alipoondoka nikaifunua. Nilikuwa nimechomeka mbili ndogo, kosa la yule binti. Nililia, mtu mzima na mvi zangu.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameniagiza niokote nafaka kwa mkono huu mbovu, kwa hiyo mke wangu alinimwagia mtama na karanga kwenye ungo kila siku. Siku ile akauliza, "Hiyo karatasi inataka nini hasa?" Yeye aliishia darasa la saba. Nikamweleza kwa shida: mtama ni hidrojeni, karanga ni oksijeni, na kushoto zinakaa mbili mbili. Maji ni mtama mbili na karanga moja. Nikapanga kwenye kisahani, karanga moja ikabaki. Nikaisukuma kwenye kisahani kile kile.

Akanishika mkono. "Si umesema maji ni karanga moja? Ukizidisha umepika kitu kingine. Hiyo iliyobaki itafutie kisahani chake."

Akaleta cha pili, akaiweka. "Sasa hapa mtama umepungua. Ongeza mbili kule kushoto."

Ikatimia. Mtama nne na karanga mbili kushoto, mtama nne na karanga mbili kulia, maji visahani viwili. Ndicho nilichofundisha miaka yote: usiguse namba ndogo ya chini, utabadilisha kitu chenyewe, ongeza idadi mbele yake.

Nikacheka, mara ya kwanza tangu niugue. "Nani kakufundisha?"

"Nani angenifundisha?" akasema. "Nilifaulu kwenda sekondari, baba akakataa. Nimekaa na mwalimu miaka ishirini, nafua mashati yenye chaki. Hujawahi kuniuliza kama na mimi natamani."

Nilidhani kutamani darasa kumeanza na mimi.

Baadaye mkuu wa shule alinipa kipindi kimoja, nikausawazisha mlinganyo ule ubaoni kwa mkono wa kushoto, polepole, na watoto wakanisubiri. Kazini sijarudi, na daktari haniahidi kitu. Yule binti nilimtafuta kwa simu nikamwomba radhi. Akaniuliza kama nakula vizuri.

Namshukuru mtaalamu wa mazoezi, namshukuru mwenzangu aliyenificha aibu, na ninyi mnaonisubiri maneno yangu. Nilichojifunza ni hiki: uliye naye ndani, muulize anatamani nini ungali na nguvu zako. Usingoje kuangushwa.

Mke wangu mngependa kumwona, lakini hayupo. Ameanza masomo ya watu wazima. Leo asubuhi alitoka na madaftari kifuani, mimi nimesimama mlangoni, na nilitamani kwenda naye mpaka machozi yakanitoka. Akageuka, akasema, "Usilie, mwalimu. Nikirudi nitakueleza walichofundisha."

Kwa hiyo mniruhusu, jamani, niwahi nyumbani.